Mtandao unaitambuaje simu yako?

Unaweza kubadilisha laini na hata kava la simu, lakini mtandao bado utajua kuwa simu ni ile ile. Unajuaje?

Tuanzie ofisini. Penye kompyuta nyingi, nyaya zake huingia kwenye kisanduku kiitwacho swichi. Kila kifaa kina anwani yake kutoka kiwandani, yenye herufi na tarakimu 12. Swichi hukumbuka anwani ipi iko kwenye tundu lipi. Fundi akiisoma orodha hiyo, anajua kifaa gani kimeunganishwa wapi.

Kwenye simu, kazi hiyo hufanywa na namba tambulishi, yaani IMEI. Uwe Mkata wilayani Handeni au Mombo wilayani Korogwe, simu yako hutambulika kwa namba hiyo inapojiunga na mtandao. Ina tarakimu 15: 8 za kwanza huonyesha aina ya simu, 6 zinazofuata ni za simu hiyo peke yake, na ya mwisho ni ya kuhakiki. Simu ya laini mbili huwa na IMEI mbili. Kwa namba hizi, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliweza kuzizima simu bandia nchini kuanzia tarehe 16 Juni 2016.

Kabla ya kununua simu ya mtumba

1. Bonyeza *#06#. IMEI itatokea kwenye kioo.
2. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi.
3. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu likitaja aina tofauti na simu uliyoishika, usitoe hela.
4. Dai risiti yenye IMEI na jina la muuzaji. Simu inaweza kuwa halisi na bado ikawa ya wizi, na ukikutwa nayo, utakayetakiwa kujieleza ni wewe.

Ikiibiwa

Toa taarifa polisi upewe RB, kisha nenda nayo kwa kampuni yako ya simu pamoja na IMEI. Laini hufungwa ili mwizi asiguse pesa zako, na simu yenyewe inaweza kufungiwa. Ikishafungiwa, kuweka laini mpya hakumsaidii mwizi.

Tunakushauri ubonyeze *#06# leo na uandike namba kwenye daftari la nyumbani. Ukiihifadhi ndani ya simu, itaondoka na simu.