Mchanga wa Ayub Ogada

Hapa Otonglo, mwulize kijana wa boda habari za Ayub Ogada, huenda akadhani unamtafuta mwanasiasa. Mpigie "Kothbiro" kwa simu, atakwambia, "Aa, hii naijua." Na jamaa alifia Nyahera, hapo tu milimani, Februari 2019.

Jina lake la kwanza lilikuwa Job Seda. Alizaliwa Mombasa mwaka wa 1956, wazazi wake wakiwa wanamuziki, na utotoni akaonja maisha ya Chicago. Miaka ya 1970 alikuwa Nairobi na Black Savage, bendi ya vijana wa mjini waliopenda roki, kisha akawa mmoja wa waanzilishi wa African Heritage Band. Ukitazama filamu ya Out of Africa ya 1985, yule msaidizi wa Robert Redford ni yeye.

Mwaka wa 1986 akaenda Uingereza, si na bendi, bali na nyatiti. Alipiga kwenye vituo vya treni London, akiokota sarafu za wapita njia (wazee wetu waliita senti kumi ya zamani otonglo, kwa hiyo sisi tunaishi ndani ya sarafu).

Nyatiti ina adabu zake. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma inayogonga mbao, njuga mguuni. Na maneno ni mengi ajabu! Humsifu marehemu, humsuta tajiri bahili, hutaja watu na koo zao. Ni gazeti la matangani. Sasa London nani atamjua huyo tajiri? Nadhani ndiyo maana kwenye En Mana Kuoyo, albamu iliyotolewa mwaka wa 1993 na Real World, kampuni ya Peter Gabriel, gazeti limekunjwa. Zimebaki nyuzi nane na sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Jina lenyewe lina maana ya "ni mchanga tu".

Wapo wanaosema hiyo ni nyatiti iliyolainishwa kwa masikio ya wazungu. Siwakatalii kabisa. Lakini sikiliza "Obiero", wimbo wa kwanza, halafu uniambie kilichopungua.

Kinachoniudhi ni kitu kingine. "Kothbiro", yaani mvua inakuja, ilipoingia kwenye The Constant Gardener mwaka wa 2005, wengi waliipokea kama wimbo wa kale wa kijijini. Wapi! Black Savage walikuwa wameurekodi Nairobi miaka ya 1970, na gitaa zao. Chuoni, kabla sijaacha, tulizoea kuandika "wimbo wa asili, mtunzi hajulikani", tukasonga mbele. Maneno hayo yana hasara ya pesa kabisa: wimbo usio na mtunzi hauna wa kulipwa.

Kanye West alipochukua kipande cha ile rekodi ya Black Savage kwa "Yikes" mwaka wa 2018, orodha ya watunzi ilimtaja Ayub Ogada na mwenzake wa bendi, Mbarak Achieng'. Majina mawili, kwa herufi ndogo ndogo. Miezi michache baadaye Ayub akafariki.