Fasili ya Uwiano na Ithibati ya Kanuni ya Pythagoras

Tuchukue pembetatu ABC yenye pembe mraba katika C, na kutoka C tushushe mstari unaoikata AB kwa pembe mraba katika D. Pembetatu mbili ndogo zinazopatikana, ACD na CBD, zina pembe zile zile za pembetatu kubwa. Kwa hiyo zote tatu hufanana kwa umbo, zikitofautiana kwa ukubwa tu. Basi AB kwa AC ni kama AC kwa AD, yaani mraba wa AC ni AB mara AD. Kadhalika mraba wa BC ni AB mara DB. Tukijumlisha, twapata AB mara AB. Pande zikiwa 3, 4 na 5, D huigawa 5 kuwa 1.8 na 3.2.

Kwa nini basi Euclid, aliyeandika yapata mwaka 300 K.K., akashika njia ndefu ya kulinganisha maeneo katika hoja ya 47 ya kitabu chake cha kwanza, na hoja ya mfanano akaichelewesha hadi kitabu cha sita? Jibu, kwa maoni yetu, limo katika fasili ya neno moja. Wafuasi wa Pythagoras walieleza uwiano kwa namba kamili: hiki kwa kile ni kama 3 kwa 4. Ilipogunduliwa kwamba ulalo wa mraba na upande wake havina kipimo cha pamoja, hata kiwe kidogo namna gani, fasili hiyo ilipwaya, na kila ithibati iliyoiegemea ikapwaya nayo.

Aliyeitengeneza upya ni Eudoxus wa Cnidus, katika karne ya 4 K.K. Yeye hakuuliza "mara ngapi?" Alisema: zidisha cha kwanza na cha tatu kwa namba moja yoyote, cha pili na cha nne kwa nyingine yoyote, ikiwa daima cha kwanza hukizidi cha pili, hulingana nacho au hupungua kwacho sawasawa na cha tatu kwa cha nne, basi uwiano wao ni mmoja. Fasili hii imo katika kitabu cha tano cha Euclid. Kabla ya hapo asingeweza kutaja mfanano bila kukopa neno asilolifasili.

Bhaskara wa Bara Hindi aliitoa ithibati hiyo fupi katika karne ya 12, na John Wallis wa Uingereza katika karne ya 17. Nasi hapo juu tumetumia "mraba" kwa maana ya namba iliyozidishwa kwa yenyewe. Kwa Euclid ulikuwa umbo lililochorwa juu ya mstari.