Uendeshaji gari na dawa za maumivu (Uingereza)

Nchini Uingereza, uendeshaji gari wa mtu anayetumia dawa za kutuliza maumivu unatawaliwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 1988. Sheria hiyo haimzuii mgonjwa kushika usukani. Inamzuia kuendesha akiwa amelewa dawa, hata ile aliyoandikiwa na daktari.

Makosa mawili

Kifungu cha 4 kinamhusu dereva aliyepungukiwa na uwezo wa kuendesha sawasawa kwa sababu ya kileo au dawa yoyote. Hapa cheti cha daktari hakimwokoi mtu. Kifungu cha 5A, kilichoanza kutumika England na Wales tarehe 2 Machi 2015 na Scotland tarehe 21 Oktoba 2019, kinaweka viwango vya juu katika lita moja ya damu: mofini mikrogramu 80, methadoni 500, diazepamu 550, temazepamu 1,000. Bangi imepewa 2 tu na kokeini 10. Kodeini haimo kwenye orodha, lakini ini hugeuza sehemu yake kuwa mofini. Tramadoli pia haimo, ila kifungu cha 4 kinaigusa.

Kinga ya mgonjwa

Mgonjwa ana kinga finyu inayohusu kifungu cha 5A peke yake. Dereva lazima awe amepata dawa kihalali kwa matibabu na kuinywa kama alivyoelekezwa na daktari, mfamasia au karatasi iliyomo kwenye pakiti. Anayejiongezea vidonge kwa sababu mgongo umezidi kuuma anajivua kinga hiyo.

Upimaji

Kipimo cha mate cha barabarani hutafuta bangi na kokeini. Kwa dawa nyingine, askari hukagua mboni za macho, kisha humwamuru dereva atembee kwenye mstari na kugeuka, asimame kwa mguu mmoja, na aguse ncha ya pua akiwa amefumba macho. Akishindwa, hupelekwa kituoni kutolewa damu.

Adhabu

Mkosaji hufungiwa leseni kwa miezi isiyopungua 12, na anaweza kutozwa faini isiyo na ukomo au kufungwa hadi miezi 6. Kosa hubaki kwenye leseni kwa miaka 11. Kusababisha kifo kwa uzembe ukiwa umelewa dawa kunaweza kuleta kifungo cha maisha tangu Juni 2022.

Afrika Mashariki

Sheria za Kenya na Tanzania nazo zinakataza kuendesha ukiwa umelewa kileo au dawa kiasi cha kushindwa kulimudu gari.