Pale Chini ya Kikapu

Saa nane na nusu za usiku. Ndiyo saa ambayo mechi nyingi za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, huanza kwa saa zetu za Kambove wakati wa baridi ya huko, kwa kuwa New York ikiwa saa moja na nusu jioni, mkoa wetu wa Haut-Katanga, Kongo, umekwisha kuitangulia kwa saa saba. Anayetaka kutazama lazima umeme uwepo, simu iwe na data, na yeye mwenyewe awe na moyo wa kuukatiza usingizi kabla ya kazi ya asubuhi. Jirani yangu, mzee aliyestaafu katika kiwanda cha Gécamines cha kusafisha mawe ya shaba, alikuwa na moyo huo kwa miaka mingi. Sasa hana. Anasubiri kukuche, anaazima simu ya mjukuu, anatazama dakika tatu za vikapu vilivyokatwa na kuunganishwa, na hizo zinamtosha. Anasema mtu anatupa kutoka mbali, mpira unaingia, mwingine anatupa kutoka mbali, unakosa, basi.

Lalamiko hilo ni langu pia. Nimelibeba kwa muda mrefu kabla ya kuliandika, kwa sababu watu wazima tuna tabia ya kuuona ujana wetu kuwa ndio kipimo cha kila kitu. Nimerudi kwenye historia ya mchezo wenyewe nikitafuta kama kuna jambo lililobadilika kweli, au ni macho yetu tu yaliyochoka. Jambo lipo. Na limetugusa sisi wa Katanga kuliko watu wengi.

Tangu James Naismith alipotundika vikapu vya matunda katika ukumbi wa mazoezi mjini Springfield, Desemba 1891, mchezo huu umebadilishwa sheria tena na tena, na mara nyingi sababu imekuwa hiyohiyo: watazamaji kuchoka. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18. Hayo ndiyo matokeo ya mechi nzima. Lakers walikuwa na George Mikan, jitu la chini ya kikapu lisilozuilika, kwa hiyo Pistons waliushika mpira na kukaa nao, wakimnyima. Watu waliolipa kiingilio waliona wanaume wazima wamesimama.

Dawa ilipatikana mwaka 1954. Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, alipiga hesabu ya dukani: mechi nzuri ina mitupo kama 120 kwa timu zote mbili, na dakika 48 ni sekunde 2,880. Ukigawanya unapata 24. Tangu hapo kila timu ina sekunde 24 za kutupa, la sivyo inanyang'anywa mpira. Napenda hesabu ile kwa sababu ilianzia kwenye swali la mtu aliyekaa jukwaani: ni mechi ya namna gani inayomfurahisha?

Mikan mwenyewe alibadilishiwa uwanja. Mwaka 1951 eneo la mbele ya kikapu, ambamo mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu, lilipanuliwa kutoka mita 1.83 hadi mita 3.66 ili asisimame karibu mno. Akaja Wilt Chamberlain; mwaka 1964 likapanuliwa tena hadi mita 4.88. Tazama mwelekeo wake: kila mara mtu mrefu anasukumwa nje kidogo. Huyo mrefu wa chini ya kikapu sisi tunamwita pivo, kama tulivyofundishwa na Kifaransa cha shule, na kazi yake kubwa, ile ya kuupiga mpira wa mpinzani ukiwa hewani, tunaiita kontre.

Nilikulia katika kampi ya wafanyakazi. Kambove ni mji wa mgodi kabla ya kuwa mji wa kitu kingine chochote. Reli ilifika mwaka 1913 kwa ajili ya shaba ya Union Minière, na maisha ya wazee wetu yalipangwa na kampuni hiyo, kisha na Gécamines: nyumba, zahanati, shule, posho, viwanja. Tulikuwa na kiwanja cha saruji, ubao wa mbao uliopasuka, na chuma cha kikapu kilichoinama mbele kwa sababu wakubwa walikuwa wakining'inia. Aliye mrefu alipelekwa chini ya kikapu bila kuulizwa. Huko alijifunza kuruka, kusukumana kwa mgongo, kuchukua rebondi, yaani mpira uliokosa kikapu. Heshima ya mtaa ilikuwa kontre. Kikapu kilihesabiwa na mwamuzi. Kontre ilihesabiwa na watu.

Ndiyo maana Dikembe Mutombo alitufaa sana. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1966, akaenda chuo kikuu cha Georgetown, Marekani, akitaka kuwa daktari, na mwaka 1991 Denver Nuggets wakamchagua akiwa wa nne katika uchaguzi wa vijana wa NBA. Tarehe 7 Mei 1994, mjini Seattle, Denver iliyoingia hatua ya mtoano ikiwa ya nane iliitoa timu iliyokuwa ya kwanza, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ligi ile. Alipiga kontre 31 katika mechi tano. Mwisho wa yote alilala chali sakafuni, mpira ameukumbatia juu ya uso kwa mikono miwili, akicheka kama mtoto.

Mimi picha ile niliiona miaka kadhaa baadaye, kwenye kaseti ya video iliyochakaa. Lakini habari ilifika mapema, na ilifika wakati mbaya. Uzalishaji wa Gécamines, uliozidi tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulikuwa umeporomoka hadi chini ya tani 40,000 mwaka huo wa 1994. Na kabla yake, mwaka 1992 na 1993, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walikuwa wamefukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala wiki na miezi kwenye stesheni wakisubiri treni. Wengine walikuwa wametufundisha kucheza. Mutombo alikuwa Mluba wa Kasai. Kwangu mimi, kidole chake kile alichokuwa akikitikisa baada ya kila kontre, akisema hapana, hakikuwa mbwembwe hata kidogo.

Ligi ilikichukulia kidole hicho kuwa utovu wa adabu na kuanza kumwadhibu akimtikisia mpinzani, hivyo akawa anawatikisia watazamaji. Alistaafu mwaka 2009 akiwa na kontre 3,289, wa pili nyuma ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria mwenye 3,830. Waafrika wawili juu ya orodha hiyo.

Mara nne Mutombo alitajwa kuwa mlinzi bora wa mwaka, mara ya mwisho ikiwa 2001. Na msimu ulioanza mwaka huohuo ligi ilileta sheria mpya: mlinzi haruhusiwi kukaa mbele ya kikapu zaidi ya sekunde tatu kama hamkabi mtu kwa karibu. Sisemi ilitungwa kwa ajili yake. Ilikuwa fidia, kwa kuwa ulinzi wa eneo nao uliruhusiwa, na vikapu vya miaka ile vilikuwa vimepungua sana. Msimu wa 1998-99 timu zilipata wastani wa pointi 91.6 tu kwa mechi. Hata hivyo, askari aliyekuwa akilinda mlango aliambiwa atembee. Mwaka 2004 walinzi wa nje nao wakabanwa wasimguse kwa mkono mwenye mpira. Mlango ukabaki wazi zaidi.

Wakati huo mstari wa pointi tatu ulikuwa umesubiri miaka ishirini na zaidi. NBA iliuchora mwaka 1979, ikiiga ABA, ligi shindani iliyokuwa imekufa. Chris Ford wa Boston ndiye aliyefunga wa kwanza, tarehe 12 Oktoba. Msimu ule timu moja ilijaribu mitupo hiyo kama mitatu kwa mechi. Mwaka 1994, Mutombo akiwa sakafuni Seattle, ilikuwa kama kumi. Msimu wa 2024-25 ilipita 37, na Boston peke yao walifika 48.

Kwa nini? Mtu wa Kambove hahitaji kuelezwa kwa urefu, kwa sababu ni hesabu ya mgodi. Kila mwamba una kiwango chake cha shaba, na mhandisi haulizi ni upi unaopendeza. Anauliza tani moja itatoa kilo ngapi. Chukua mitupo 100 ya mbali, 36 ikiingia, unapata pointi 108. Chukua mitupo 100 ya umbali wa katikati, ile ya kugeuka na kuruka tuliyoipenda, hata 42 ikiingia unapata 84. Basi, mwamba wa katikati ukaachwa. Stephen Curry alifunga mitatu-mitatu 402 katika msimu wa 2015-16, na aliyekuwa na shaka akanyamaza. Tarehe 28 Mei 2018 Houston, waumini wakubwa wa hesabu hiyo, walikosa mitupo 27 ya mbali mfululizo katika mechi ya saba dhidi ya Golden State, wakatolewa. Hawakuacha. Hesabu haikuwa imekosea. Ilikuwa imewaangukia usiku mmoja.

Hapo ndipo ninapotofautiana na jirani yangu. Yeye anasema wachezaji wa leo ni wabovu. Si kweli hata kidogo. Wana shabaha na wepesi ambao wazee wale hawakuwa nao, na Nikola Jokić, pivo kutoka Serbia aliyetajwa mchezaji bora mara tatu, anapiga pasi ambazo Mutombo asingeziwaza. Ninachokililia ni aina za watu. Zamani ulitazama mechi moja ukaona michezo minne: mfupi mwenye hila, mwenye mtupo wa katikati, mwenye nguvu za bega, mlinzi wa mlango. Leo timu thelathini zimepiga hesabu ileile, zikapata jibu lilelile. Ukitazama mbili, tatu, unajua ya nne itachezwaje.

Na waliopunguziwa nafasi ni vijana wetu. Bismack Biyombo alizaliwa Lubumbashi mwaka 1992, akapitia Yemen na Hispania, na Aprili 2011 mjini Portland, katika mechi ya vijana bora wa dunia, alipata pointi 12, rebondi 11 na kontre 10, jambo ambalo halikuwahi kufanywa katika mechi hizo. Akachaguliwa wa saba mwaka huo. Mwaka 2016, akiwa na Toronto, alichukua rebondi 26 katika mechi moja dhidi ya Cleveland. Kila alichopata alikipata chini ya kikapu, kwa miguu na mabega, na mwaka 2022 mshahara wake wa msimu aliutoa ili ijengwe hospitali nchini kwa jina la baba yake aliyefariki.

Baada yake alikuja Oscar Tshiebwe, naye wa Lubumbashi. Mwaka 2022 alitajwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Marekani akiwa Kentucky, akichukua rebondi 15.1 kwa mechi. Tarehe 22 Juni 2023 ligi iliketi kuchagua vijana. Yakatajwa majina 58. Lake halikuwemo. Usiku uleule jina la kwanza kutajwa lilikuwa la Victor Wembanyama, Mfaransa ambaye baba yake ana asili ya Kongo, kijana wa mita 2.24 anayepiga kontre kuliko yeyote na anayetupa kutoka mbali kama mfupi. Damu moja, kazi moja ya kulinda mlango, lakini mmoja alikuwa na mtupo na mwingine hakuwa nao. Tshiebwe ilimbidi aanzie kwenye mkataba wa kugawanya muda kati ya NBA na ligi ya chini yake.

Nikimtazama Wembanyama nafurahi, siwezi kudanganya. Nakumbuka lundo jeusi la taka za kiwanda pale Lubumbashi, lililoachwa miaka mingi kama kitu kisicho na kazi, hadi mitambo mipya ilipokuja kutafuta kobalti ndani yake. Kontre nayo imerudi hivyo. Sina hakika kama itarudi kwa watu wa aina ya Tshiebwe.

Kwa sasa jirani yangu na mimi tumepatana kwa njia nyingine. Ligi ya Afrika, BAL, iliyoanza Kigali Mei 2021, inachezwa kwa sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, na FIBA haina ile sheria ya sekunde tatu kwa mlinzi. Pivo anaruhusiwa kusimama mlangoni kwake. Mwaka 2022 Espoir Fukash wa Lubumbashi walikwenda Cairo kucheza katika ligi hiyo, na saa za Cairo wakati huo zilikuwa kama zetu. Hakuna aliyehitaji kukatiza usingizi. Yapo makosa mengi, pasi zinapotea, mitupo ya bure inakosa. Lakini mtu akiingia mbele ya kikapu kuna mwingine anayemngoja, na ukumbi mzima unajua kwamba kuna jambo litatokea.

Jioni moja nilipita kwenye kile kiwanja cha saruji. Mstari wa pointi tatu wa mita 6.25 tuliouchora kwa chokaa bado unaonekana kidogo, na nje yake watoto wamechora wa 6.75, uliowekwa na FIBA mwaka 2010. Walikuwa saba, wote wamejipanga kwenye mstari wa nje, wakitupa kwa zamu. Mrefu wao, mwenye mikono ya kufika popote, alisimama pembeni kabisa akisubiri mpira. Ulipogonga chuma na kukosa, hapakuwa na mtu chini. Ulidunda mara mbili, ukavuka saruji, ukaingia kwenye majani, na mdogo kuliko wote akaukimbilia.