Sifa ya Unga, Chupa ya Mafuta: Ubuyu na Madai ya Kuzuia Uzee wa Ngozi

Pasua buyu lililokauka. Ndani utakuta unga mweupe wenye ugwadu, umezishikilia mbegu ngumu. Unga huo ndio tunaoumung'unya tangu utotoni, na ndio wenye vitamini C kwa wingi. Hata Umoja wa Ulaya uliporuhusu ubuyu kuingia katika soko lake la chakula mwaka 2008, ulichoruhusu ni unga. Mafuta hukamuliwa kwenye mbegu, na vitamini C huyeyuka katika maji, si katika mafuta. Kwa hiyo chupa ya mafuta ya ubuyu inayonadiwa kwamba huondoa makunyanzi kwa sababu ina vitamini C tele, imeazima sifa isiyo yake.

Sisemi mafuta hayo hayafai. Yana asidi za oleiki na linoleiki, na ngozi iliyopauka ikipakwa hushika unyevu, na vijistari vya ukavu hufifia. Lakini kunyanzi lenyewe lina mzizi chini zaidi, kwenye kolajeni iliyodhoofishwa na miaka mingi ya jua. Kulainisha ngozi na kuirudishia kolajeni ni kazi mbili tofauti, na wauzaji wengi huzichanganya.

Ndiyo maana nashikilia kwamba jina la mmea halithibitishi kitu. Tuutazame mmea wa babchi, unaotumika tangu zamani katika tiba ya Ayurveda nchini India. Mbegu zake zina bakuchioli. Katika jaribio moja lililohusisha watu 44 kwa wiki 12, bakuchioli ya asilimia 0.5 iliyopakwa mara mbili kwa siku ililinganishwa na retinoli ya kiwango hicho hicho iliyopakwa mara moja. Zote mbili zilipunguza makunyanzi na madoa, na waliotumia retinoli walilalamika zaidi kuchonyotwa na kubanduka ngozi. Jaribio ni dogo, nakiri. Lakini kemikali inajulikana, kiwango kinajulikana, na mtafiti mwingine anaweza kulirudia. Sasa, mbegu hizo hizo zina pia psoraleni, ambazo huifanya ngozi iungue upesi inapopigwa na jua. Anayetenga bakuchioli na kuisafisha anauza dawa ya ngozi. Anayesaga mbegu nzima na kuandika "asilia" anaweza kumuunguza mteja wake kwa mmea ule ule.

Mnunuzi hawezi kuyajua haya kwa kusoma neno "dondoo la mimea" kwenye lebo. Shirika la Viwango Tanzania, lililokabidhiwa usimamizi wa vipodozi mwaka 2019, lidai kila kipodozi kinachoahidi kuzuia uzee kitaje mambo matatu: sehemu ya mmea iliyotumika, kemikali inayotegemewa, na asilimia yake. Asiyeweza kuyataja, afute ahadi hiyo kwenye chupa.