Kosa Halizeeki: Mauaji ya Mondlane na Swali la Wahalifu Wazee

Tarehe 3 Februari 1969 Ndugu Eduardo Mondlane, Rais wa FRELIMO, alichukua barua zake mjini Dar es Salaam, akaenda kufanya kazi nyumbani kwa rafiki huko Oysterbay, katika Kinondoni ya leo. Miongoni mwa barua hizo palikuwa na kifurushi chenye kitabu. Alipokifungua kililipuka, naye akafa papo hapo.

Hadi leo hakuna aliyesimamishwa kizimbani kwa mauaji hayo. Ndiyo maana vijana wanaosoma historia ya ukombozi, wakipita Oysterbay, au Kurasini kule Temeke ilikokuwa Taasisi ya Msumbiji, huuliza: je, muuaji akizeeka, kosa lake nalo linazeeka?

Hapa yapo mambo mawili ambayo huchanganywa. Jambo la kwanza ni umri wa kosa, na sheria imekwisha kulijibu. Tarehe 26 Novemba 1968, siku 69 tu kabla ya kifo cha Mondlane, Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba unaosema kwamba makosa ya vita na makosa dhidi ya ubinadamu hayana ukomo wa muda wa kushtakiwa. Katika sheria za Tanzania pia, kuua kwa kukusudia hakufutwi na miaka. Basi hata anayebisha kwamba bomu la Oysterbay halikuwa kosa la vita, kwa kuwa halikulipuka katika uwanja wa mapambano, hapati pa kujificha.

La pili ni umri wa mshtakiwa, na hapa pana ugumu wa kweli. Félicien Kabuga, aliyeshtakiwa kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, alikamatwa karibu na Paris mwaka 2020. Kesi ilianza The Hague mwaka 2022. Mwaka uliofuata majaji waliona kwamba akili yake imechoka mno kuweza kufuata mashtaka, wakaisimamisha bila kikomo. Walionusurika waliumia, na wana haki ya kuumia. Lakini mahakama inayomhukumu mtu asiyejua anahukumiwa kwa lipi haihukumu. Sisi wapenda ukombozi tusijifanye hatujui ubaya wa njia ya mkato: Uria Simango alisomeshwa maungamo hadharani Nachingwea mwaka 1975, na baadaye akauawa bila mahakama ya wazi.

Sasa tuulize: ni nani aliyempa Kabuga miaka 26 ya kuzeeka? Uzee haukumficha. Alifichwa na watu, pesa na mipaka ya nchi. Tukirudi kwa Mondlane tunaliona jambo hilo waziwazi zaidi. Anayetajwa na watafiti wengi kuwa alitengeneza bomu lile ni Casimiro Monteiro wa PIDE, polisi ya siri ya Ureno. Mwaka 1981 mahakama ya Lisbon ilimtia hatiani, bila yeye kuwapo, kwa kumuua Jenerali Humberto Delgado mwaka 1965. Delgado alikuwa Mreno. Kwa Mondlane hakukuwa na shtaka. Monteiro alihifadhiwa Afrika Kusini ya makaburu, akafia huko mwaka 1993.

Hali ni hiyo hiyo kwa Wiriyamu, mkoani Tete, ambako askari wa Ureno waliua wanakijiji wapatao 400 tarehe 16 Desemba 1972. Waziri Mkuu António Costa aliomba radhi mjini Maputo mwaka 2022, yaani baada ya nusu karne. Radhi ni jambo jema, ila hakuna askari aliyekwenda gerezani kwa ajili ya Wiriyamu.

Na António Rosa Casaco, aliyeongoza kikosi kilichomuua Delgado? Naye alihukumiwa bila kuwapo, akakaa nje ya nchi mpaka muda wa kisheria ukapita. Kisha akarudi Ureno akiwa mzee huru, akafa mwaka 2006.