Mikono Niiweke Wapi?

Mwaka jana tulianza darasa dogo la picha hapa Nakivale: vijana kumi na mmoja, kamera moja ya kuazima. Mimi ndiye msimamizi wao, ingawa ukweli ni kwamba nilikuwa nimewatangulia somo moja tu. Jumamosi ya tatu akaja mama mmoja jirani. Alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba chake, amejipaka mafuta mpaka mikono inang'aa. Akasema anataka foto ya kumtumia mwanawe aliye Amerika. Hawajaonana miaka saba.

Nikamwambia, "Mama, simama pale, jiachie tu." Akavua kilemba ili masikio yaonekane. Akasimama miguu pamoja, mikono imenyooka kando, kidevu juu, anaitazama kamera kama mtu anayengoja namba yake iitwe. Nikamwambia, "Mama, hii si ya kadi." Akaniuliza, "Sasa mikono niiweke wapi, mtoto wangu?"

Sikuwa na jibu. Siku ile nilimpiga hivyo hivyo, naye aliangalia kwenye kioo cha kamera akasema asante, lakini hakuomba nimtumie. Usiku nikaanza kutafuta kwenye simu, kidogo kidogo kadiri bando ilivyoruhusu: watu walijifunza wapi kukaa mbele ya kamera? Niliyoyakuta nayaleta hapa, kwa sababu naona yanatuhusu sisi wakimbizi kuliko wengi.

Mwanzo wake ni kutotikisika. Daguerre alipotangaza picha zake Paris mwaka 1839, picha ilitokea kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha, na mwanga ulichukua muda mrefu kuingia. Mtu alipaswa kukaa juani dakika nzima au zaidi bila kusogea. Baadaye muda ulishuka ukawa sekunde, lakini hata sekunde kumi si mchezo, jaribu uone. Studio zikaweka chuma nyuma ya kiti cha kushikilia kichwa. Mkono ukawekwa juu ya meza au kitabu ili usitetemeke. Tabasamu nalo ni gumu kulishika muda wote huo. Kwa hiyo ule mkao tunaouita wa heshima, mzee ameketi wima na mkono juu ya kiti, kwa sehemu kubwa ulitokana na shida ya mashine. Mashine ikabadilika, mkao ukabaki.

Lakini wapo waliouchukua mkao huo wakaufanyia kazi yao wenyewe. Frederick Douglass alitoroka utumwa Marekani mwaka 1838. Mpaka anakufa mwaka 1895 alikuwa amepigwa picha nyingi kuliko Mmarekani yeyote wa karne ile. Zinazojulikana ni karibu 160. Karibu zote hacheki. Amevaa koti safi, amekaza uso. Wakati huo magazeti yalijaa michoro ya watu weusi wenye meno nje, eti watumwa wenye furaha. Douglass hakutaka kuwaongezea picha hata moja ya namna ile. Kutocheka kwake kulikuwa jibu.

Halafu kuna njia ya tatu, na hiyo ndiyo tunayoijua sisi. Miaka ya 1880, karani mmoja wa polisi wa Paris, Alphonse Bertillon, aliweka utaratibu wa kuwapiga picha waliokamatwa: moja ya mbele, moja ya upande, umbali ule ule, kiti kile kile. Mwili usiseme kitu chochote isipokuwa kwamba ni wewe. Picha ya pasipoti na picha ya kadi zina undugu na wazo hilo. Siilaumu kadi, maana bila kadi hakuna posho. Ila kama picha pekee ulizopigwa ukubwani ni za usajili, mwili unajifunza mkao mmoja tu. Yule mama hakukosea. Alifanya vizuri kabisa kile alichofundishwa.

Sasa nifike nyumbani, Kongo, na hapa naomba msomaji avumilie. Mwezi Mei 1904, huko Baringa, kaskazini-magharibi mwa nchi, mtu mmoja jina lake Nsala alifika kwenye misheni akiwa amebeba kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga picha. Nsala ameketi kwenye ukingo wa baraza, ametupa upande, haitazami kamera kabisa. Anatazama vile vilivyobaki vya mtoto wake. Picha hiyo na nyingine zilionyeshwa Uingereza na Marekani kwa taa, ukumbi hadi ukumbi. Pamoja na ripoti na kelele za watu wengi, zilisaidia kumbana mfalme Leopold mpaka mwaka 1908 akaachia Kongo.

Picha hiyo ilinisumbua, nitasema kwa nini. Kabla ya darasa letu kuanza, mgeni mmoja wa shirika alikuja kupiga picha za vijana. Msichana mmoja wa kundi langu alikuwa amevaa viatu vyake vya Jumapili kwa ajili ya siku hiyo. Mgeni akamwomba avivue, ashike jirikani, na asicheke. Mimi nilikuwepo. Nilitafsiri. Yaani mdomo uliomwambia avue viatu ni huu wangu.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwamba picha ya huzuni inaleta msaada, na Nsala ni ushahidi. Lakini nikiiangalia tena naona tofauti. Nsala alileta kifurushi mwenyewe. Maumivu yale yalikuwa yake, naye alitaka yaonekane. Yule msichana alikuja na viatu. Alichotaka kionekane ndicho tulichomvua. Kwa hiyo picha ya huzuni si mbaya kwa sababu ni ya huzuni. Suala ni nani amekuja na nini mkononi.

Hapo nikakutana na Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alifungua studio yake mwaka 1948, karibu na stesheni ya treni. Watu walifika na walichonacho, na wasichonacho alikuwa nacho yeye: suti za Kizungu, saa, redio, hata pikipiki ya vespa ya kuegemea. Miaka ya mwanzo pazia la nyuma lilikuwa shuka lake mwenyewe la kitandani. Kwa kawaida alipiga mara moja tu, maana filamu ni pesa, hivyo kazi yote ilikuwa kabla ya kubonyeza. Aligeuza bega kidogo, akapeleka uso upande wenye mwanga, akaupa mkono kitu cha kushika. Wale akina mama wa Bamako wamekaa kama wenye nyumba.

Na yupo mmoja wa kwetu kabisa, yaani mtoto wa vita. Samuel Fosso alizaliwa Kameruni mwaka 1962, akalelewa Nigeria kwa babu na bibi yake, akaponea vita vya Biafra. Mwaka 1972 mjomba wake alimchukua Bangui, Afrika ya Kati, na mwaka 1975, akiwa na miaka 13, akafungua studio. Jioni filamu ikibaki vipande vichache hakuvitupa. Alijivalisha, akajipiga mwenyewe, akamtumia bibi yake picha ili ajue mjukuu yuko hai na anaendelea vizuri. Picha hizo ziko leo kwenye majumba makubwa ya sanaa. Mwaka 2014, machafuko ya Bangui yalipofika kwake, nyumba yake iliporwa na filamu zikatupwa nje kwenye vumbi. Waandishi wa habari wakaokota walizoweza. Sisi tuliokimbia bila albamu hatuhitaji kuelezwa hilo.

Basi darasani tulibadilisha mambo. Kwanza tunauliza: picha inaenda kwa nani? Halafu, wewe unataka akuone vipi? Kamera bado iko chini. Baada ya hapo ndiyo tunapanga. Bega moja mbele kidogo. Uzito kwenye mguu mmoja, maana anayesimama kwa miguu yote sawasawa anaonekana yuko mstarini. Mikono ipewe kazi ndogo. Mtu akikaa, mpiga picha naye ashuke, kamera iwe kwenye macho yake. Tukimaliza tunamwonyesha, na akikataa tunafuta mbele yake.

Nikamwendea yule mama nikamwomba arudi. Alipoulizwa anataka mwanawe amwone vipi, alifikiri sana. Akaomba kiti, akaomba kitenge kitandikwe ukutani. Kilemba akakiweka kichwani. Kisha akamwangalia msichana mmoja wa darasa, yule yule wa viatu, akamwomba saa yake ya mkononi.

Kijana mmoja akanong'ona, "Lakini huo si uongo? Saa si yake." Mama akasikia. Akajibu bila kugeuka, maana nilikuwa nimeshampanga bega: "Mwanangu anajua sina saa. Ataona niko na watu wa kuniazima."

Akaweka mkono wa saa juu ya ule mwingine, akanitazama, akasema, "Piga." Picha tulisafishia Mbarara, kopi mbili. Moja ameitundika kwake. Nyingine amempa msichana, pamoja na saa.